Kidonge ni Halali, Je Biashara Yake?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), Muumba wa mifupa na Mwenye kuivika nyama. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, ukiingia katika msikiti wowote wa mjini siku hizi, hebu tupia jicho pembezoni mwa safu. Utaona viti. Katika msikiti ninaoswali hapa Ipuli, Manispaa ya Tabora, miaka kumi iliyopita kilikuwapo kiti kimoja cha plastiki, na mwenye kukikalia kila mtu alimjua. Leo viti ni saba, na Ijumaa havitoshi. Wanaovikalia si wazee wa miaka themanini peke yao. Wapo watu wa miaka hamsini na kitu. Ukiwauliza, jibu ni lile lile: "Magoti, ustadhi. Nimeambiwa ute umekauka."

Kuswali juu ya kiti kwa mwenye udhuru hakuna ubishi. Imran bin Huswain (RA) alikuwa na maradhi, akamuuliza Mtume (SAW) kuhusu swala, akaelekezwa aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Hadithi hiyo ameipokea Imamu Bukhari. Ninachotaka kukizungumza leo ni kile kilichokuja nyuma ya viti hivyo, nacho ni makopo.

Namaanisha makopo ya dawa lishe za maungo. Yanauzwa madukani, ndani ya mabasi, kwenye semina za ukumbini, kwenye makundi ya simu na, astaghfirullah, yanauzwa hata barazani mwa msikiti mara tu imamu anapotoa salamu. Ndani yake huwa mna glukosamini, kondroitini, kolajeni au mchanganyiko wa vyote. Maneno ya muuzaji hayabadiliki: dawa hii inajenga gegedu upya, inarudisha ute, haina madhara kwa kuwa ni ya asili, na mgonjwa ataitupa fimbo yake.

Swali ninalotaka tulijadili ni hili: je, inafaa Muislamu kumuuzia mwenzake mwenye maumivu matumaini ambayo yeye muuzaji hana uhakika nayo? Na akiwa ameuza kwa nia safi, akiamini kuwa anasaidia, je, hana lawama? Silileti swali hili ili kuwanyooshea wengine kidole. Mimi mwenyewe niliuza.

Jinsi nilivyoingia

Mshahara wa mwalimu wa shule zetu unajulikana. Hiyo si hoja ya kujitetea, ni maelezo tu. Miaka mitatu iliyopita ndugu mmoja katika imani alinialika kwenye semina. Nikaambiwa ninunue fungu la kuanzia, kisha nitafute watu wa kuwa chini yangu, nao watafute wa chini yao, na kila watakachouza kiniletee sehemu yangu. Niliuliza swali moja tu, tena kwa kujiamini kama mtu aliyesoma: je, kidonge hiki ni halali? Nikaoneshwa alama ya halali kwenye lebo. Nikaridhika. Nilidhani upande wa dini umekwisha pale.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa safu ya mbele, babu wa wanafunzi wangu wawili. Ujana wake aliumalizia katika kubeba magunia stesheni, na magoti yake yalikuwa yakilia kama bawaba iliyokosa mafuta. Nilimwambia yote niliyofundishwa kwenye semina. Aliponiuliza kama aende kwanza hospitali, nilimjibu kuwa hakuna haja. Kopo la mwezi mmoja lilikuwa shilingi 65,000. Alinunua makopo matatu, na la tatu alililipa kwa mafungu mawili baada ya kuuza madebe ya mpunga. Mimi nikapata changu, na walio juu yangu wakapata chao.

Kilichomo ndani ya kopo

Tuanze na uhalali wa kidonge chenyewe, kwani nao una haki yake. Glukosamini nyingi hutengenezwa kutokana na magamba ya kamba na kaa, ingawa siku hizi ipo pia inayotokana na mahindi. Kamba hana tatizo kwa wanavyuoni walio wengi. Ama kaa, wana maneno juu yake hata ndani ya madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi wetu. Kondroitini hutolewa katika gegedu za wanyama, wakiwemo ng'ombe, nguruwe na papa. Kolajeni hutoka katika ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe, au katika samaki. Ganda la kidonge likiwa la jelatini, nalo laweza kuwa la ng'ombe au la nguruwe. Wapo wanavyuoni wanaosema kuwa kitu najisi kikigeuka umbile lake kabisa hukumu yake nayo hugeuka, na wapo wasiokubali hilo kwa nguruwe. Mwenye kuicha dini yake ana haki ya kuuliza, na lebo inayotaja jelatini bila kumtaja mnyama haijamjibu.

Haya tunayajua na tunayauliza. Tatizo letu ni kwamba tunaishia hapo. Nguruwe tunamkagua mpaka kwenye ganda la kidonge, lakini maneno yanayokiuza kidonge tunayaacha yapite bila kukaguliwa.

Utafiti unasemaje

Mwaka 2006 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti mkubwa uliogharimiwa na serikali ya Marekani, uitwao GAIT. Wagonjwa 1,583 wenye maumivu ya magoti yaliyosagika waligawanywa kwa kura katika makundi matano. Kundi la kwanza lilipewa glukosamini miligramu 1,500 kwa siku, la pili kondroitini miligramu 1,200, la tatu vyote viwili, la nne dawa ya maumivu iitwayo celecoxib, na la tano kidonge kitupu kisicho na dawa yoyote. Hakuna mgonjwa aliyejua amepewa nini. Baada ya wiki 24 ilipimwa ni wangapi maumivu yao yamepungua kwa angalau asilimia 20. Waliopewa glukosamini na kondroitini kwa pamoja walikuwa takriban 67 katika kila 100. Waliopewa kidonge kitupu walikuwa 60 katika kila 100. Kwa hesabu za watafiti, tofauti hiyo haikutosha kusema kwamba dawa ndiyo iliyofanya kazi.

Tuwe waadilifu. Kundi dogo la wenye maumivu makali zaidi lilionekana kunufaika na mchanganyiko ule, japokuwa idadi yao ilikuwa ndogo mno kukata shauri. Wapo pia madaktari, hasa Ulaya, wanaoendelea kuwaandikia wagonjwa aina maalumu ya glukosamini. Lakini mwaka 2019 chama cha madaktari wa maungo cha Marekani, American College of Rheumatology, kilitoa mwongozo unaoshauri kwa mkazo kuwa glukosamini isitumike kwa goti lililosagika. Basi mwenye kusema "huenda ikakusaidia kidogo, na huenda isikusaidie" ana pa kushika. Lakini kutoka maneno hayo mpaka "inajenga gegedu upya, utatupa fimbo" ni mbali kama Tabora na Bagamoyo.

Na hiyo kauli ya kuwa cha asili hakina madhara nayo si kweli. Glukosamini huweza kuzidisha nguvu ya warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, mgonjwa akavuja damu. Kubwa zaidi, si kila kopo lina kile kilichoandikwa juu yake. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu bidhaa ya maungo iitwayo Artri King baada ya vipimo vya maabara kukuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, dawa mbili kali ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Mtu wa namna hiyo hupata nafuu ya haraka, akamsifu muuzaji, huku figo, ini na tumbo vinaumia bila yeye kujua. Kwa hiyo ukioneshwa karatasi ya usajili, uliza: kimesajiliwa kama nini? Kitu kilichokubaliwa kuwa kinafaa kuliwa hakijathibitishwa kwamba kinatibu.

"Lakini watu wanapata nafuu"

Mzee wangu naye mwezi wa pili aliniambia: "Alhamdulillah, mwalimu, kuna unafuu." Nilifurahi, na nikautumia ushuhuda wake kumuuzia mwingine. Baadaye nilipousoma utafiti ule, furaha ilinitoka. Tazama tena hesabu yake: katika kila watu 100 waliomeza kidonge kitupu, 60 walipata nafuu. Maumivu ya goti hupanda na kushuka, na mtu hununua dawa siku yanapokuwa juu. Tena mgonjwa aliyesikilizwa na kutiwa moyo hupata nafuu kwelikweli. Si kwamba anajisingizia.

Hapo atasimama mtu aseme: kama nafuu imepatikana, yale maneno yamemdhuru nani? Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na mimi niliiegemea kwa miezi kadhaa. Nina majibu mawili.

La kwanza, maneno yale yaligharimu. Shilingi 195,000 zilitoka katika mpunga, na mpunga ule ulikuwa chakula cha nyumba yenye wajukuu. Na kwa miezi mitatu mzee hakwenda kupimwa kwa sababu mimi nilimwambia hakuna haja.

La pili ndilo lililoniuma zaidi. Ikiwa kilichompa nafuu ni matumaini na kusikilizwa, basi hicho hakikuwa mali yangu ya kuuza. Kumtembelea mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenzake. Nilikuwa nikienda kwake kila wiki, nikikaa naye mkekani, nikimuuliza magoti yanaendeleaje, kisha namtoza shilingi 65,000 kwa mwezi kwa haki aliyokuwa akinidai bure.

Nia njema haitoshi

Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (RA), Mtume (SAW) alipita sokoni akaingiza mkono katika lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Mwenye chakula alijitetea kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume (SAW) akamuuliza kwa nini asikiweke kilicholowa juu watu wakakiona, kisha akatoa onyo kali kwa mwenye kughushi. Zingatia, ndugu yangu, kuwa mtu yule hakuileta mvua. Kosa lake lilikuwa ni kuweka kikavu juu. Na sisi je? Ushuhuda wa mmoja aliyepona tunauweka juu, na habari za wengi wasiopona tunazifukia chini.

Utasema: mimi sikujua, niliamini nilichofundishwa. Na mimi nilisema hivyo. Lakini iko hadithi waliyoipokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, kwamba anayejifanya tabibu na hali hajulikani kwa utabibu ni dhamini, yaani analipa atakachokiharibu. Hadithi haikuuliza nia yake ilikuwaje. Na Qur'an, katika Surat Israa aya ya 36, imetukataza kufuata tusiyo na elimu nayo, ikatujulisha kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Mimi nina shahada ya chuo kikuu. Uwezo wa kusoma nilikuwa nao. Nilichokosa ni hamu ya kusoma. Mtu hana haraka ya kuuliza swali ambalo jibu lake litamkatia riziki.

Jarir bin Abdullah (RA) alimpa Mtume (SAW) ahadi ya kuwatakia mema Waislamu wote. Imamu Ghazali katika Ihyaa anamtaja kuwa alipouza kitu alionesha kasoro zake, kisha akamwachia mnunuzi achague mwenyewe. Hicho ndicho kipimo. Je, ungeweza kumweleza mgonjwa yote unayoyajua kuhusu kopo lako na bado akanunua? Kama biashara inakufa kwa ukweli kusemwa, basi kilichokuwa kikiuzwa ni kule kutosemwa kwa ukweli.

Wala mtu asifahamu kuwa napinga kutafuta tiba. Mabedui walipomuuliza Mtume (SAW) kama wajitibu, aliwaambia wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu (SW) hakuweka ugonjwa ila aliuwekea dawa, isipokuwa mmoja tu: uzee. Ni katika hadithi ya Usama bin Sharik (RA) waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi. Goti la mtu wa miaka sabini aliyebeba magunia ujana wake wote lina ugonjwa ndani yake, na lina uzee ndani yake. Ugonjwa tuutibu. Ama anayeahidi kuuondoa uzee, anauza kile ambacho Mtume (SAW) alikitoa katika hesabu. Nabii Zakariyya (AS), katika Surat Maryam, alimlalamikia Mola wake kuwa mifupa yake imedhoofika, na hapakuwa na aibu yoyote katika malalamiko yale.

Mzigo ulio shingoni mwa mwenzako

Sisi wa Tabora habari za mizigo si ngeni kwetu. Mji huu, ambao wasafiri wa zamani waliuita Kazeh, ulikuwa njia panda ya misafara ya Unyanyembe, na pale Kwihara bado lipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, pembe za ndovu, shanga na nguo zilisafiri kwa shingo na magoti ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mtu alibeba takriban frasila mbili, kama kilo 30, kwa zaidi ya kilomita 800 mpaka pwani. Faida kubwa ilibaki kwa matajiri wa Unguja na ng'ambo, na mpagazi akaondoka na doti zake za nguo.

Lakini mpagazi yule angalau alijua uzito wa mzigo wake, kwa sababu ulipimwa mbele ya macho yake. Katika misafara hii mipya ya makopo, aliye chini hajui anabeba nini. Hununua fungu la kuanzia kwa mkopo wa kikoba, akakosa watu wa kuwauzia, akawageukia mama yake, shangazi yake na jirani yake. Wa mwisho katika msafara ni mgonjwa mwenyewe, mwenye magoti mabovu kuliko wote, na ndiye anayebeba faida za wote walio mbele yake.

Basi tufanye nini

Kwanza, goti likivimba, likiwa na joto, au maumivu yakiandamana na homa, hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo, si la kopo. Hata goti linalouma taratibu lipimwe, kwa sababu kusagika kwa goti, baridi yabisi na gauti ni maradhi matatu tofauti na matibabu yake ni tofauti.

Pili, yapo mambo yenye ushahidi bora kuliko makopo, nayo hayana wakala wa kuyatangaza. Kupunguza uzito: watafiti wamepima wakakuta kuwa kila kilo moja ambayo mtu mnene anaipunguza hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Kuimarisha misuli ya mapaja: kukaa kitini, kuunyoosha mguu, kuushikilia kidogo na kuushusha, kila siku bila kuacha. Kutembea kwa kadiri. Kushika fimbo mkono wa upande wa pili wa goti linalouma, wala si aibu. Dawa za maumivu ziwe kwa ushauri wa daktari.

Tatu, anayetaka kujaribu dawa lishe, na ana uwezo, ajaribu akijua anachokifanya. Amweleze daktari dawa nyingine anazotumia, aulize asili ya kilichomo, na ajiwekee mpaka: miezi mitatu ikipita bila tofauti, aache.

Nne, wewe unayeuza, sema hivi: "Wengine huwasaidia kidogo, wengi hawaoni tofauti na kidonge kitupu, gegedu haioti upya, na usiache kwenda hospitali." Ukiweza kuyasema hayo, uza kwa amani. Na maimamu wetu wasiache msikiti ugeuzwe soko. Mtume (SAW) alikwisha kukataza kununua na kuuza ndani yake.

Mwisho

Nilimwendea mzee baada ya Alasiri, nikamweleza kila kitu, pamoja na lile la kumzuia asiende hospitali. Nikamwambia nitamrudishia shilingi 195,000 zote, wala si faida yangu peke yake. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwalimu, mimi kopo lile sikulijua. Nilikujua wewe." Hakuongeza neno. Fedha nilimrudishia kwa mafungu matatu, naye alizipokea. Amekwisha kupimwa, na bado anaswali juu ya kiti. Nilikuwa na watu wawili chini yangu. Mmoja tumeelewana, wa pili hapokei simu zangu, na deni lake bado liko shingoni mwangu.

Hadithi sahihi zinatufundisha kuwa binadamu ameumbwa na viungo 360, na kwamba kila kiungo kina sadaka juu yake kila siku jua linapochomoza. Miongoni mwa sadaka hizo Mtume (SAW) alitaja kumsaidia mtu kuupandisha mzigo wake juu ya mnyama wake, na kila hatua ya kuiendea swala. Viungo tulivyopewa ni vya kumwinulia mwenzetu mzigo. Ole wetu tukivitumia kumwongezea.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.